Kaseti ya gia 10 kwenye gurudumu la gia 11: kwa nini inacheza, na ngoma ipi hupokea nini

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimepata gurudumu la nyuma lililotumika, na muuzaji aliniambia ni la Shimano la gia 11. Baiskeli yangu ni ya barabarani, gia 10. Nimeitoa kaseti yangu ya Shimano ya 11-28 kwenye gurudumu la zamani nikaivisha kwenye hili. Imeingia bila shida. Nimekaza ringi ya kufungia hadi ikagoma, lakini sproketi zote zinacheza na kugongana. Nimekosea wapi? Au kaseti na gurudumu havipatani? Na siku nikitaka kuhamia gia 12, gurudumu hili litafaa au nitaanza upya?

Jibu: Gurudumu lako ni zima na kaseti yako ni nzima. Kilichokosekana ni washa, yaani ringi bapa ya kujazia nafasi, ya milimita 1.85, na kwa kaseti nyingi za Shimano za barabarani za gia 10 huongezwa nyingine ya milimita 1. Kuhusu gia 12, gurudumu hilo lina nafasi nzuri kuliko unavyodhani, ila inategemea gia 12 za nani. Nitafika huko.

Tuanze na kinachotokea ndani. Kaseti ni lile rundo la sproketi, yaani vigurudumu vya meno vya nyuma; 11-28 ni idadi ya meno ya ndogo na ya kubwa. Huvaa kwenye ngoma ya frihabu, yaani ile silinda yenye matuta iliyo upande wa kulia wa habu, kitovu cha gurudumu. Upande wa spoki ngoma ina bega, na kaseti husukumwa hadi iegemee hapo. Upande wa nje ngoma ina hesi kwa ndani, na ringi ya kufungia hujisokota humo ikiibana kaseti dhidi ya bega. Ili ibane kweli, sproketi ndogo kuliko zote lazima itokeze kidogo kupita mwisho wa ngoma. Kaseti ikiwa fupi kuliko ngoma, ringi hugonga ukingo wa ngoma kabla haijaigusa sproketi. Mkono wako unahisi imekaza, na ni kweli imekaza, lakini imeikaza ngoma. Kaseti imebaki na nafasi ya kutembea.

Ngoma ya gia 11 ya barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ile ya gia 8, 9 na 10. Shimano walipoongeza sproketi ya 11 kwenye baiskeli za barabarani hawakuwa na pa kuiweka ila kuirefusha ngoma. Matuta yenyewe hawakuyagusa, ndiyo maana kaseti yako iliteleza ikaingia kama iliyozaliwa humo. Mfumo huu wa matuta huitwa HG. Una matuta tisa, na moja lina upana tofauti na mengine ili sproketi ziingie kwa mkao mmoja tu. Kwa hiyo kaseti kuingia kwenye ngoma ni ushahidi wa umbo tu. Urefu unajitegemea, na huo hauonekani kwa macho.

Pima mwenyewe kwa kalipa. Vua kaseti, weka kalipa toka begani hadi ukingo wa nje wa ngoma. Ukipata karibu milimita 35, hiyo ni ngoma ya gia 8, 9 na 10. Ukipata karibu 36.8, ni ya gia 11 ya barabarani. Ukipata karibu 30.5, ni ngoma ya zamani ya gia 7. Usitegemee neno la muuzaji wala stika ya rimu. Magurudumu hubadilishiwa ngoma, na stika haibadilishwi.

Ukishathibitisha kuwa ni 36.8, mpangilio ni huu. Washa ya 1.85 inatangulia na kukaa begani. Kisha ile ya milimita 1, kama kaseti yako inaihitaji. Halafu kaseti. Utajuaje kama inaihitaji? Tazama kwenye lile gurudumu la zamani: vua kila kitu, kisha kagua bega. Washa hii ni nyembamba sana na hubaki imegandia kwenye grisi, watu wengi huivua kaseti wakaiacha nyuma bila kujua. Kaseti mpya zinazoihitaji huja nayo ndani ya boksi. Kuna za gia 10 zisizoihitaji, hasa za baiskeli za milimani, ambazo mgongo wake umechongwa tofauti. SRAM, watengenezaji wengine wa gia, kwenye gia 10 nao kwa kawaida hawaitumii.

Kama washa haipo na huna hakika, jaribio lenyewe ni rahisi. Vaa washa ya 1.85, panga kaseti, isukume kwa kiganja, kisha tazama kwa ubavu. Sproketi ndogo imetokeza kupita ukingo wa ngoma? Kaza ringi na ujaribu kuitikisa sproketi kubwa kwa vidole. Ikiwa bado kuna mchezo, ongeza ya milimita 1. Mchezo ukiisha, umepata jibu.

Kuna makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kuiweka washa mbele, kati ya sproketi ndogo na ringi, kwa sababu kuvua kaseti yote kunachosha. Kaseti hapo itabanwa, lakini imesogea milimita karibu mbili kuelekea spoki, na meno madogo yaliyo chini ya ringi hayana tena kitu cha kung'ata. Ringi italegea safarini, na direila ya nyuma, yaani kile kisukuma mnyororo, inaweza kukwaruza spoki kwenye gia nyepesi. La pili ni kujaza kupita kiasi. Ukiweka washa nyingi, ringi hushika hesi mbili tatu tu, nawe ukikaza unazing'oa. Hesi za ngoma ya alumini zikishang'oka, dawa ni ngoma mpya. Na sproketi ya mwisho inaweza kutoka nje ya matuta kiasi cha kujizungukia yenyewe bila kushika.

Washa yenyewe iwe ya kazi hii: tundu lake lipite juu ya matuta, na ukingo wake wa nje usiguse spoki. Washa ya kawaida ya bolti haifai, na kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi hakina unene sawa pande zote, kaseti itakaa upande.

Kabla hatujaenda mbele, hakikisha pia hukupoteza spesa ya ndani wakati wa kuhamisha. Sproketi kubwa mara nyingi huwa zimepigiliwa pamoja, lakini zile ndogo huja mojamoja, zikitenganishwa na spesa za plastiki au alumini. Spesa za gia 10 za Shimano zina unene wa milimita 2.35, za gia 9 ni 2.56, na za gia 8 ni 3.0. Sproketi mbili za mwisho kwa kawaida zina kola yake zenyewe na hazitumii spesa, hapo ndipo watu hujichanganya wakaongeza ya kubahatisha. Ikikosekana moja, kaseti itacheza na gia zitakataa kukaa hata ufanye nini na waya. Ukichanganya ya gia 9 na za gia 10, kaseti itabana sawasawa lakini gia mbili tatu zitakuwa zinalia daima.

Jambo jingine linalowapotosha watu: mchezo wa kaseti si mchezo wa beringi. Shika sproketi kubwa na uitikise. Ukiona sproketi zinatembea juu ya ngoma na kutoa mlio wa bati, kaseti haijabanwa. Ukiona ngoma nzima inayumba kidogo pamoja na kaseti, hiyo ni gololi za ndani ya frihabu, na mchezo mdogo wa aina hiyo ni wa kawaida. Ukikaza ringi zaidi kuuondoa, hautaondoka.

Sasa ufungaji. Ngoma ifutwe ikauke, ipakwe grisi nyembamba sana kwenye matuta, na kidogo kwenye hesi za ringi. Tafuta tuta la upana tofauti, lilinganishe na nafasi yake kwenye sproketi, telezesha. Sproketi ikigoma usiipige nyundo, huenda imekaa mkao mbaya au ngoma ina makovu. Ringi anza kuisokota kwa vidole mizunguko miwili mitatu, ikikwama mapema rudi nyuma uanze tena, hesi zake ni laini na hupanda upande upesi. Kisha kaza kwa chombo cha ringi, 40 Nm. Shimano wenyewe huandika 30 hadi 50. Kama huna spana ya toki, shika mpini wa sentimita 25 na usukume kama unayeinua mzigo wa kilo 16 kwa ncha yake. Ni nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utasikia ringi ikitoa milio ya krrk-krrk mwishoni, hiyo ni meno yake yakishikana na meno ya sproketi ndogo, wala hujavunja kitu.

Ringi nazo zina saizi. Ya kaseti inayoanzia meno 11 ina kipenyo kidogo kuliko ya inayoanzia meno 12 na kuendelea. Ukiweka kubwa kwenye sproketi ya 11, mnyororo utapanda juu ya ukingo wake na kuruka kila unapokuwa kwenye gia nzito. Na kama ringi ni ya Campagnolo, watengenezaji wengine wa gia, chombo chake kinafanana na cha Shimano kwa macho lakini hakiingii sawasawa, usikilazimishe.

Kwa kuwa gurudumu ni la mtumba, kagua matuta ya ngoma kabla ya kuvisha. Ngoma za alumini huumwa na sproketi za chuma. Kila unapokanyaga, sproketi husukuma ubavu wa tuta, na ile nyembamba inayosimama peke yake huchimba kovu. Sproketi zilizoshikiliwa na buibui moja, yaani kishikio kimoja chenye mikono, hugawana mzigo, kwa hiyo hazichimbi sana. Makovu ya nusu milimita si ugonjwa. Chukua tupa bapa, kwangua vile vinyweleo vilivyoinuka hadi sproketi ziteleze, basi. Kovu likifika milimita mbili au sproketi ikishindwa kutoka, badilisha ngoma. Ngoma za chuma hazina tatizo hili, bei yake ni uzito tu. Baadhi ya watengenezaji hupachika vipande vya chuma kwenye ngoma ya alumini ili kupata faida zote mbili, na hufanya kazi. Kaseti iliyokuwa inacheza, kama ya kwako, huchimba haraka kuliko iliyobanwa, kwa hiyo usiendeshe kabla hujapata washa.

Ukiwa na kaseti ya gia 8 au 9, mambo ni yale yale: washa ya 1.85 peke yake kwenye ngoma ndefu. Kaseti ya gia 7 kwenye ngoma ya gia 8, 9 na 10 huhitaji washa ya milimita 4.5, na kwenye ngoma ndefu huongezewa 1.85 juu yake.

Kinyume chake hakiendi. Kaseti ya gia 11 ya barabarani, mfano 11-28, haikai kwenye ngoma ya milimita 35. Sproketi ndogo inabaki hewani na ringi haifiki. Wapo wanaochonga mgongo wa kaseti kwenye mashine ili ipungue, na wapo wanaotoa sproketi moja wakabaki na 10 kati ya 11, kisha wakafunga skrubu ya kikomo ili shifta isizidi. Hii ya pili inafanya kazi. Ile ya kwanza ni kuharibu kaseti ili kuokoa gurudumu, nami sioni hesabu yake.

Ila kuna kaseti za gia 11 zinazokaa kwenye ngoma fupi bila kuguswa. Ni zile zenye sproketi kubwa sana: za milimani za 11-40, 11-42, 11-46, na baadhi ya za barabarani za 11-34 kama HG700 na HG800 za Shimano. Sproketi kubwa ina kipenyo kikubwa kiasi kwamba inaweza kupinda kuelekea spoki na kuning'inia nyuma ya bega, sehemu ambayo spoki zimeshajiinamia kuelekea rimu. Kwa hiyo kaseti hizi zimepimwa kwa ngoma ya milimita 35, na ukiziweka kwenye ngoma yako ndefu zinadai washa ya 1.85. Hapa ndipo mtu husema “nina ngoma ya gia 11 na kaseti ya gia 11, kwa nini inacheza?” Namba ya gia imelingana, urefu haukulingana.

Jihadhari pia na ngoma chache za gia 10 tupu, kama za habu za Shimano Dura-Ace 7800. Matuta yake ni marefu kwenda nje kuliko ya kawaida, kwa hiyo kaseti za gia 8 na 9 haziingii kabisa. Ukikuta sproketi inagoma kwenye ngoma ya alumini iliyo safi, fikiria hilo kabla ya kutafuta tupa.

Neno kidogo kuhusu friwili, maana magurudumu ya bei nafuu ya gia 6 na 7 huuzwa kwa jina la kaseti na si kaseti. Friwili ina ndimi za kushikia ndani ya mkusanyiko wa sproketi wenyewe, na wote hujisokota kwenye hesi za habu. Kutofautisha ni kazi ya dakika moja. Tazama katikati, pale chombo kinapoingia kuzunguka ekseli, kisha zungusha sproketi kinyumenyume. Pale pa chombo pakizunguka pamoja na sproketi, una ringi ya kufungia, na ni kaseti. Pakibaki vilevile huku sproketi zikizunguka, ni friwili. Kaseti haiwezi kuwekwa kwenye habu ya friwili kwa washa wala kwa ujanja wowote, inabadilishwa habu au gurudumu.

Sasa gia 12.

Shimano wa barabarani, yaani Dura-Ace R9200 ya mwaka 2021 na waliofuata, Ultegra R8100 na 105 R7100, wana kaseti za 11-30 na 11-34 zinazokaa kwenye ngoma ya HG ya gia 11. Ndiyo hiyo uliyonayo. Utatoa washa zote ulizoweka kwa ajili ya gia 10, uvae kaseti, ukaze 40 Nm. Gurudumu halibadilishwi. Ila kinyume chake ni mtego: baadhi ya magurudumu ya Shimano yaliyotoka na kizazi hicho yana ngoma mpya yenye matuta membamba mengi inayopokea gia 12 za barabarani tu, na kaseti za gia 11 hazikai. Ukinunua gurudumu la mtumba la miaka hiyo ili utumie na gia zako 10 za sasa, hesabu matuta kabla hujatoa pesa. Yakiwa tisa, chukua. Yakiwa mengi, acha.

Shimano wa milimani wa gia 12 ni habari nyingine. Mwaka 2018, pamoja na XTR M9100, walileta ngoma iitwayo Micro Spline yenye matuta 23 madogo. Deore M6100, SLX na XT za gia 12 zinaitumia, kwa kaseti za 10-45 na 10-51. Haina uhusiano na HG, na hakuna washa ya kuunganisha hizo mbili. Usichanganye na Deore M5100 ya gia 11: ile ina kaseti ya 11-51 lakini inakaa kwenye HG.

Kwa nini waliiacha HG? Kwa sababu ya sproketi ya meno 10. Mnyororo una hatua ya milimita 12.7, na ukikokotoa, mabonde ya sproketi ya meno 10 yanakuwa kwenye kipenyo cha kama milimita 33.4. Ngoma ya HG peke yake ni nene kuliko hapo. Meno 11 ndiyo mwisho wake, mabonde yanakuwa kwenye milimita 37 na ushei, na nyama inabaki ndogo. Kupata 10, ngoma ilibidi ikonde au iwe fupi ili sproketi ndogo ikae mbele yake.

SRAM walilifanya hilo mapema zaidi, mwaka 2012 na XX1, kwa ngoma ya XD. Ina matuta mafupi karibu na spoki, hesi kwa nje katikati, na ncha laini nyembamba. Kaseti huwa kipande kimoja chenye bomba ndani, na bomba hilo ndilo linalosokotwa kwenye hesi za ngoma kwa chombo kile kile cha ringi ya Shimano, 40 Nm. Paka grisi hesi hizo kwa ukarimu. Kaseti ya XD iliyofungwa kavu hugandia, na kuitoa ni vita. XDR ni XD iliyorefushwa, na urefu ulioongezwa ni ule ule wa milimita 1.85. Inatumiwa na SRAM wa barabarani wa gia 12. Kaseti ya XD inakaa kwenye XDR kwa washa ya 1.85. Kaseti ya XDR haikai kwenye XD.

Katika familia ya Eagle, yaani gia 12 za milimani za SRAM, XX1, X01 na GX zinataka XD. NX na SX zinaanzia meno 11, 11-50, na zimetengenezwa kwa HG ya milimita 35. Ukitamani gia 12 za milimani bila kugusa ngoma yako, hizo zinakaa, kwa washa ya 1.85 nyuma yake. Ni kaseti nzito, na unapoteza sproketi ya 10, lakini gurudumu linabaki lile lile.

Campagnolo wana matuta yao tangu zamani, marefu zaidi kuliko ya HG, na ngoma moja imepokea gia 9, 10, 11 na 12 zao. Mwaka 2020, pamoja na Ekar ya gia 13, walileta N3W iliyofupishwa kwa milimita 4.4 ili ipokee sproketi ya meno 9. Kwa ringi ya kurefusha, N3W hupokea kaseti zao za awali pia. Hakuna kati ya hizi inayoingia kwenye ngoma yako.

Je, ngoma inaweza kubadilishwa peke yake? Hilo linategemea habu. Habu za beringi za kisasa, kama za DT Swiss, huvuliwa kofia ya mwisho kwa mkono, ngoma ikatoka, ukaweka ya XD, Micro Spline au HG ya modeli ile ile ya habu. Ngoma ya habu moja haikai kwenye habu nyingine hata kama nje zinafanana kabisa, kwa sababu ndani ya kila moja pana ndimi na beringi zake. Agiza kwa jina kamili la modeli lililoandikwa kwenye habu. Habu za Shimano za koni na gololi ni kazi ndefu zaidi: toa ekseli, toa gololi (kwa kawaida 9 za robo inchi kila upande), kisha fungua bolti yenye tundu iliyo ndani ya ngoma kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, na kurudisha kwake ni 35 hadi 50 Nm. Habu hizi hazibadiliki kutoka HG kwenda Micro Spline. Kurefusha ngoma ya 35 kuwa 36.8 kwenye habu za aina hii pia hakufai kubahatishwa: kaseti inasogea karibu na fremu, ekseli inadai spesa mpya, na rimu inaweza kuhitaji kuvutwa upya katikati kwa spoki.

Usichanganye upana wa ekseli na aina ya ngoma. Milimita 130, 135, 142 au 148 zinasema gurudumu linaingia kwenye fremu ipi. Hazisemi kaseti ipi inakaa.

Gia 12 pia zinadai mnyororo wake, shifta yake na direila yake, kwa kuwa nafasi kati ya sproketi imebanwa. Gia 8 zilikuwa na milimita 4.8 toka sproketi hadi sproketi, gia 9 zina 4.34, gia 10 zina 3.95, na za 11 na 12 ni finyu zaidi. Mnyororo mpana kwenye kaseti finyu hukwaruza jirani, na shifta ya gia 10 haitapiga hatua za gia 12 kamwe. Kwa gia 8, 9 na 10, kaseti za Shimano na za SRAM zenye idadi ile ile ya gia zina nafasi zinazolingana, kwa hiyo hizo unaweza kubadilishana bila kugusa shifta.

Ukishafunga kaseti yako, usiende barabarani moja kwa moja. Gurudumu jipya halikai kwenye fremu sawasawa na la zamani hata kama vyote viwili ni sahihi, kaseti inaweza kuwa imesogea nusu milimita. Weka mnyororo kwenye sproketi kubwa, zungusha pedeli taratibu, sukuma direila kwa mkono kuelekea spoki: mnyororo usiweze kupanda kupita sproketi hiyo. Mnyororo ukiweza kupanda, kaza skrubu ya kikomo yenye herufi L kwenye direila robo mzunguko na ujaribu tena. Fanya vivyo hivyo upande wa sproketi ndogo kwa skrubu ya H, na tazama kama mnyororo una nafasi kati yake na fremu. Ndipo ugeuze kirekebisho cha waya hadi kila gia ikae kimya. Baada ya safari ya kwanza, rudisha chombo kwenye ringi uone kama imelegea, kwa sababu sproketi zikishakaa vizuri kwenye matuta, ringi hupungukiwa kidogo na mbano wake.